Mpima Kina Asiyeinua Kichwa

Padri alimzika Ambroży Kłos kwa haraka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mto. Alichosema juu ya kaburi ni kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mtu wa Mungu na mtu wa mto. Tulikuwa watu wanne, na wa nne alikuwa mchimba kaburi. Nikasimama pale na hasira zangu. Mtu wa mto ni mtu gani? Hata bata ni wa mto. Mimi nimekaa na Ambroży kwenye meli moja misimu ishirini na mitatu, yeye omo, mbele kabisa ya meli, na upondo wake, mimi kantini na masufuria yangu, hatua kumi na mbili kati yetu. Kama kuna anayejua alikuwa nani, ni mimi. Mengine ninayoyajua yananiaibisha, lakini nitayasema hivyo hivyo. Mficha uchi hazai.

Meli yetu iliitwa Halszka. Ilikuwa na magurudumu mawili ya kupiga maji, moja kila ubavu, na dohani ndefu iliyokuwa inalazwa chini tukifika kwenye madaraja. Tulipanda na kushuka mto Wisła kati ya Warszawa na Płock tukibeba wanawake wenye jibini na kuku, wanajeshi wa likizo, ndama, mahujaji, na wakati wa vitunguu hata mimi nilinuka vitunguu. Barafu ikiondoka mwezi wa tatu tunatoka bandarini, na hatulali majumbani kwetu tena mpaka sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mwanzo wa Desemba, isipokuwa siku mbili tatu meli inaposimama kuoshwa tanuri la mvuke.

Wisła si mto wa kuaminiwa. Mchanga wake unatembea. Jumanne umepita kushoto kwa mierebi, Alhamisi pale pale ng'ombe wamesimama maji yakiwafika magotini. Ndiyo maana kila meli ilikuwa na mpima kina. Anasimama omo kabisa, ana upondo uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita kumi, anauchoma majini, anautoa, anauchoma, na anapaza sauti nahodha amsikie.

"Mia na ishirini! Mia na kumi! Mia! Tisini!"

Halszka ilikuwa inazama sentimita sabini. Ikipata sabini na tano inapita huku tumbo linakwaruza. Ikipata sitini na tano inalala, na ikilala tumelala wote.

Ambroży alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele, shingo imekauka kwa jua upande wa nyuma kama ngozi ya kiatu, kwa kuwa alikuwa anaangalia chini siku nzima. Alikuwa hana maneno. Fabian, mpiga makaa wetu, mdomo wake haukujua breki, alikuwa akimchokoza kila asubuhi.

"Ambroży, umelalaje?"

"Vizuri."

"Mita ngapi?"

Sisi tunacheka, na yeye anatabasamu kidogo huku anapuliza supu yake.

Sasa sikilizeni jambo la honi, maana hapo ndipo penyewe. Kapteni Rajca alishika desturi ya manahodha wa zamani. Meli ikikaribia nyumba ya mmoja wetu, anavuta honi mara mbili, fupi fupi. Mke anaacha alichoshika, anapanda juu ya tuta la mto. Akiwa amevaa aproni nyeupe, nyumbani salama. Akiwa ameibeba mkononi, kuna jambo, mume ashuke kituo kinachofuata arudi kwa miguu. Mpiga makaa atachungulia, fundi wa injini atachungulia, watapungiana mikono, watatukanana kwa upendo, na meli imepita. Dakika mbili. Kwa dakika hizo mbili watu walikuwa wanaishi na ndoa zao mwaka mzima.

Nyumba ya Ambroży ilikuwa Kępina, chini ya Czerwińsk, na Kępina palikuwa mahali pabaya kuliko pote. Mkondo ulikuwa unavuka pale kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, juu ya mafungu ya mchanga yasiyokaa kitako. Mwaka aliooa, honi ilipolia, aliinua kichwa. Leokadia alikuwa juu ya tuta, binti wa miaka ishirini, anacheka, na Ambroży naye akacheka, akasahau hesabu moja. Hesabu moja tu. Halszka ikapanda mchanga ikakaa hapo siku mbili. Watu wakashushwa kwa ngalawa, mzee mmoja akaanguka majini akavunjika nyonga, na hakutembea tena. Mke wa yule mzee ndiye aliyemwambia Ambroży maneno, si kwa kelele. Alimwuliza tu, "Bwana, ulikuwa unaangalia nini?"

Siku hiyo Ambroży aliingia kwenye chumba cha usukani ilikotundikwa picha ya Mtakatifu Barbara, akala yamini kwamba upondo ukiwa mkononi mwake hatainua kichwa tena, hata nyumba yake ikiungua. Kapteni alimwambia, "Usiape hivyo, ndugu yangu, nyumba ikiungua angalia." Lakini alikuwa ameshaapa.

Tangu hapo akawa anapita mbele ya mkewe kichwa chini. Honi inalia, Leokadia anapanda tuta, na mume anachoma upondo na kuita namba. Tukishapita mafungu yale, Ambroży anakuja kwenye dirisha la kantini, anapangusa mikono kwenye suruali, ananiuliza:

"Bi Salomea, amesimama?"

"Amesimama."

"Aproni?"

"Nyeupe."

"Basi vizuri."

Ndiyo kazi aliyonipa. Kapteni macho yake yako kwenye maji, Fabian yuko chini na makaa, wa kuangalia ni mimi tu. Kwa miaka kumi nilikuwa macho ya Ambroży. Nilimwona Leokadia akinenepa kidogo, akikonda. Nilimwona mwaka alipovaa nyeusi kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa hapumui, na aproni nyeupe juu ya ile nyeusi, kwa sababu ishara ni ishara. Mwanzoni alikuwa anapunga mkono. Halafu akaacha kupunga, akawa anasimama tu.

Na mimi je? Nani alikuwa anasimama kwa ajili yangu? Kutoka Warszawa hadi Płock hakuna tuta hata moja ambalo mtu alipanda kumwangalia Salomea. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mikono imeungua mafuta, na kitanda nyuma ya mapipa ya kabichi. Usiku nilikuwa nasikia Ambroży akikohoa upande wa pili wa ubao. Acha niseme. Nilimtaka. Sikuwahi kumgusa hata ukucha, lakini nilimtaka, na nilipenda kwamba anakuja dirishani kwangu kuulizia mke wake kuliko kutokuja kabisa.

Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na sita mvua ilikatika. Agosti ile mto ulipungua mpaka mifupa yake ikaonekana. Ambroży akawa anatangulia kwa ngalawa kutafuta njia kabla meli haijaondoka, anarudi jioni ngozi imechubuka mikononi. Alhamisi moja tuko Czerwińsk, yeye yuko huko mtoni na ngalawa, nikamwona Leokadia anashuka gatini na kikapu cha plamu za zambarau, zile zinazoiva mwezi wa nane ambazo sisi tunazikausha kwa moshi. Alikuwa ametembea kutoka Kępina.

"Yuko wapi?"

"Mtoni. Keti, Bi Leokadia, nikupe chai."

"Siketi. Nina ng'ombe wawili wa kukamua." Akaweka kikapu juu ya kaunta yangu. "Wewe ndiye unayemwambia kama nimesimama?"

"Ndiyo mimi."

"Miaka kumi unamwambia."

"Miaka kumi."

Akaniangalia. Sikupenda alivyoniangalia, maana niliona kwamba anaelewa.

"Basi mpelekee na hili. Jumapili mnapanda kutoka Płock. Nitasimama. Ainue kichwa. Sitaki anipungie mkono, sitaki acheke. Ainue kichwa mara moja anione. Akiinua, nitasimama mpaka nizeeke. Asipoinua, nimeacha. Nitakwenda Toruń kwa dada yangu."

"Si umwambie mwenyewe? Msubiri."

"Mwenyewe nimemwambia kila mara akija nyumbani. Namwambia niangalie, ananijibu habari za mchanga. Labda akisikia kwa mtu mwingine atajua si mchezo. Umwambie, Bi Salomea. Unaahidi?"

Nikasema naahidi.

Ambroży alirudi jua limezama, nikampa supu ya unga mchachu na yai, nikampa na zile zambarau. "Mkeo kaleta." Akala moja, akaihifadhi kokwa mfukoni kama mtoto. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nikamwuliza, "Maji vipi?"

"Kępina kuna themanini na tano. Baada ya hapo sabini na tano. Yakipungua kidogo hatupiti."

Nikajiambia, Jumapili tuna mahujaji mia mbili, wazee na watoto. Akiinua kichwa tutalala mchangani, na safari hii atakufa mtu. Sababu nzuri kabisa. Ningeweza kumpa hata askofu. Lakini ile sababu ilikuwa imelalia nyingine chini yake, na ile ya chini ilikuwa inasema: akienda Toruń, aende.

Ijumaa sikusema. Jumamosi sikusema.

Jumapili tulipanda kutoka Płock meli imejaa mpaka kwenye masanduku ya magurudumu, wanawake wana mashada ya mitishamba na maua, wanaimba nyimbo za Bikira. Kabla ya Kępina Kapteni akawaomba wanyamaze. Watu mia mbili wakanyamaza. Honi ikalia mara mbili. Kukabaki magurudumu yakipiga maji polepole na sauti ya Ambroży.

"Tisini! Themanini na tano! Themanini na tano! Themanini!"

Leokadia alikuwa juu ya tuta. Alivaa viatu vya kanisani, na ushanga mwekundu, na aproni iliyopigwa pasi mpaka ina kona. Hakuwa ameegemea kitu. Nilikuwa na nafasi bado. Hatua kumi na mbili. Ningeweza kuita, "Bwana Ambroży, inua kichwa, anaondoka!" Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Sabini na tano! Sabini na tano!"

Tumbo la Halszka likakwaruza, mahujaji wakajipiga ishara ya msalaba. Na tulipokuwa tunapita sawasawa mbele yake, Leokadia akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni, akaitundika kwenye nguzo ya uzio, akashuka upande wa pili wa tuta bila haraka. Nikaona kichwa chake, halafu sikukiona.

"Themanini! Tisini! Mia!"

Ambroży akaja dirishani, jasho linamdondoka kidevuni. Alikuwa na furaha. Alikuwa amevusha watu mia mbili.

"Bi Salomea, amesimama?"

"Amesimama."

"Aproni?"

"Nyeupe."

"Basi vizuri."

Mpaka hapo nilikuwa sijasema uongo hata neno moja. Uongo ulianza Jumanne, tuta lilipokuwa tupu na aproni imelowa umande kwenye nguzo. Aliuliza, nikasema amesimama. Tulipita Kępina mara kumi na moja kabla meli haijasimama kuoshwa tanuri, na mara zote kumi na moja nilisema amesimama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mto.

Mwisho wa Septemba akapata siku mbili za kwenda nyumbani. Niliosha sufuria moja siku hizo mbili nzima. Akarudi Jumatano asubuhi, amenyoa, amebeba mfuko wake. Hakuniambia kitu, wala mimi sikumwuliza. Baadaye tulisikia kwa watu wa gatini kwamba alikuta jiko limepoa na ng'ombe wako kwa jirani. Ijumaa tukapita Kępina. Honi, upondo, namba. Nikasikia hatua zake zinakuja. Nikasema leo atanitukana, na nilikuwa nahitaji kutukanwa.

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Bi Salomea, amesimama?"

Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa kwenye ubao wa kaunta. Anajua. Najua kwamba anajua. Nifanye nini?

"Amesimama," nikasema.

"Aproni?"

"Nyeupe."

"Basi vizuri."

Na tukaendelea hivyo. Msimu ule, na uliofuata, na uliofuata, mpaka vita vikaja na Halszka ikazamishwa. Walipoiopoa na kuipaka rangi upya, tulirudi sisi wawili na Fabian, ambaye sasa alikuwa na mkono mmoja na mdomo ule ule, na dirishani maneno yakawa yale yale. Mtu akitusikia angedhani Ambroży ana mke mwaminifu kuliko wote Poland.

Miaka ile yote alikuwa peke yake kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Krismasi alikuwa anaweka sahani mbili, jirani yake aliniambia. Na mimi nilikuwa peke yangu hatua kumi na mbili kutoka kwake, na nilikuwa nimepata nilichotaka, maana Leokadia hayupo, na sikuweza kunyoosha hata kidole. Ningemshikaje mtu kwa mkono uliomwibia?

Mwaka wa hamsini na tano alistaafu. Upondo akampa kijana wa Wyszogród. Miaka miwili baadaye mbao za gurudumu la kushoto zilivunjika tukiwa Czerwińsk, fundi akasema ni kazi ya mpaka saa kumi, nami nikapiga moyo konde nikatembea juu ya tuta mpaka Kępina.

Nilimkuta anamenya viazi. Hakushangaa. Akaongeza viazi viwili kwenye sufuria, akanipa kisu cha pili. Tukamenya.

"Nikuulize kitu, Bi Salomea," akasema. Sikuwahi kumsikia akianza mazungumzo. "Ile Desemba, Leokadia alipokwisha kuondoka, nilikwenda Toruń. Nilimkuta kwa dada yake, anafua nguo za watu. Hakunikaribisha ndani. Aliniangalia mlangoni, akasema, 'Nilikupa Jumapili moja.' Nikamwuliza Jumapili gani, akafunga mlango. Mara ya pili hakufungua. Halafu vikaja vita, akafa kwa homa ya matumbo." Akageuza kiazi. "Miaka ishirini naitafuta hiyo Jumapili. Nimezihesabu zote. Sijui alinipa ipi."

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia. Nilianza na kikapu cha zambarau nikamalizia na aproni kwenye nguzo, na ahadi niliyoweka, na sababu ya juu, na ile ya chini pia. Nilisema, "Nilikutaka, Ambroży. Ndiyo maana." Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano mwenye maganda ya viazi mapajani, nalia.

Maji ya sufuria yakachemka yakamwagikia jiko. Akainuka, akasogeza mfuniko, akaketi.

"Ile Jumapili palikuwa na themanini na tano pale," akasema.

"Nakumbuka."

"Halafu sabini na tano."

"Ndiyo."

"Mahujaji wangapi?"

"Mia mbili."

Akatikisa kichwa polepole. "Nisingeinua. Hata ungeniambia, nisingeinua. Kula viazi, vitapoa."

Nimekwisha kuligeuza hilo jibu kila upande. Labda lilikuwa kweli, kwa sababu alikuwa ameapa, na alikuwa mtu wa kiapo. Labda alinipa uongo wa kunituliza, kama aliozoea kupewa na mimi dirishani, akijua vizuri kabisa kina chake. Sikumwuliza. Yeye hakuniuliza miaka yote ile, na mimi ningemwuliza kwa haki gani?

Saa kumi nilikuwa nimesharudi ndani ya Halszka, tunashuka kuelekea Płock. Nahodha mpya alikuwa hajui habari za honi, nikapanda mwenyewe chumba cha usukani nikamwomba. Akanicheka, "Una nani Kępina, bibi?" lakini akaivuta, mara mbili, fupi fupi. Nikashuka mbio mpaka kwenye dirisha langu.

Ambroży alikuwa amepanda tuta. Amesimama wima, mikono pembeni, na yule kijana omo anaita mia, tisini, tisini. Nilidhani atakuwa anaangalia upondo. Hakuuangalia. Alikuwa ameinua kichwa, ananiangalia mimi, na aliendelea kuniangalia meli ilivyokuwa inapita mbele yake.

Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.